Chakula cha Karani, Saa Sita Mchana

Mke wangu, Mama Riziki,

Amani iwe juu yako hapo ulipolala. Nianze na habari ambayo ungeiuliza kabla hujauliza hali yangu mimi: Karani mzima. Asubuhi hii ameinua mguu pale kwenye ua wa makuti, akakojoa mkondo mmoja usiokatika, nami nimesimama nyuma yake nikimtazama mpaka mwisho. Ndiyo, mimi. Mtu niliyekuwa nikikunja kanzu kila mbwa huyu akipita, siku hizi naukagua mkojo wake kama nilivyokuwa nikikagua mchuzi wa wageni hotelini.

Mbwa sikumtaka, unajua. Wewe ndiye uliyemleta, kitoto kisichojaa viganja viwili, ukasema tumbili wa hapa Tiwi wanakumalizia mahindi na umechoka kuwapigia madebe. Nikasema sawa, lakini sufuria yake isikutane na zangu. Ukamtundikia sufuria yake nyuma ya jiko, ukaweka na kopo la mchanga safi kando ya pipa, tukawa tukiguswa na mate yake tunaosha mara saba, moja kwa mchanga, wala hukulalamika hata siku moja. Jina pia ulimpa wewe, kwa vile alivyokuwa akikaa mlangoni akimtazama kila mgeni juu mpaka chini. "Karani, huyu mwandike," ulikuwa ukimwambia, kisha unacheka peke yako. Kicheko hicho nakitafuta nyumba nzima.

Ulipofariki nilijiapia jambo moja tu, kwamba mbwa huyu hatakufa mikononi mwangu. Riziki ana mume na nyumba yake Mombasa, nguo zako wamegawana ndugu zako, kuku wako wameisha mmoja mmoja. Hapa nyumbani amebaki Karani, ndiye bado anayeinuka kila mlango wa nyuma ukilia, akidhani ni wewe unatoka.

Nusura nimuue. Mfungo wa kwanza bila wewe, mwaka jana, nilikuwa nikipika mara moja kwa siku, futari yangu na chakula chake pamoja. Mchana jiko limezimwa, nani apike? Na usidhani nilimpunja. Nilimpa vitamu vitupu, dagaa, mchicha wa nazi, na chumvi ile ile ya mezani kwangu. Bakuli lake la maji nililijaza magharibi, nikiwa najijazia na mimi glasi yangu. Kwa akili yangu, nyumba ikifunga, imefunga. Baada ya Idi akaanza kuinua mguu na kisitoke kitu. Anasimama hivyo hivyo, anatetemeka, tone moja, tone jingine lina damu, kisha anageuka kunitazama. Nikamfunga kwenye gunia safi, nikampakata ndani ya tuktuk mpaka Ukunda, na dereva akaniongezea nauli kwa sababu ya abiria niliyekuwa naye.

Daktari wa mifugo niliyemkuta ni binti wa bara, mpole, lakini harembi maneno. Akasema ni mawe kwenye kibofu. Akampasua, akayatoa, vijiwe vidogo vyeupe vyenye ncha, akanitilia kiganjani nivione. Nikamweleza nilivyokuwa nikimlisha.

"Mzee, mbwa hakuandikiwa saumu," akasema. "Akikaa kutwa bila maji, mkojo unakuwa mzito. Na hiyo chumvi, na hayo majani na dagaa, kwa mawe ya namna hii unamwongezea."

Akanipangia chakula cha kumpikia nyumbani: wali uliolainika sana, kuku bila ngozi, boga, yai mara moja moja, vyote vielee kwenye maji, mara tatu kwa siku, na unga wa dawa aliompimia mwenyewe ili mwili usipungukiwe. Akanionya nisimgawie mtu mpango ule, kwani mawe yana aina zake na kila aina ina chakula chake. Chumvi, hakuna.

"Hata nazi?" nikamuuliza.

"Hata nazi."

"Mwanangu, huyu ni mbwa wa Kidigo."

Alicheka, lakini nazi hakunipa.

Basi mimi, niliyewapikia wageni wa hoteli kule Diani miaka thelathini, nikaanza uzeeni kujifunza kupika kisicho na ladha. Mkono wenyewe ulikuwa ukienda kwenye chumvi, naurudisha. Siku ya kwanza Karani alinusa, akaniangalia kama mgeni aliyeletewa sahani ya meza ya jirani, akanusa tena, akala. Nilitamani uwe umekaa pale kwenye kibao chako cha mbuzi ya kukunia nazi, unitanie mpaka nikasirike. Ninakutamani kila siku, lakini siku ile nilikutamani mpaka nikaita jina lako kwa sauti.

Sasa tumo kwenye mfungo tena. Kila siku saa sita nawasha jiko na kuchemsha kuku, harufu inanipanda puani, koo kavu, mate yananijaa kinywani. Sionji. Juzi Bakari, huyu tunayesimama naye safu moja msikitini, alikuwa akipita kwenda kuswali adhuhuri, akasimama kwenye ua.

"Omari, kwako kunanukia."

Nikamwambia ni cha mbwa.

"Haya, cha mbwa," akasema, akaenda zake akitabasamu.

Niliumia, Mama Riziki. Nilibaki na upawa mkononi, mzee mzima mwenye ndevu nyeupe, nataka kumkimbilia njiani nimwapie. Na hapo ndipo nilipokumbuka. Wewe bila shaka hukusahau.

Mwaka ule hoteli ilipotupa likizo kwa kukosa wageni, nilirudi saa saba mchana, katikati ya Ramadhani, nikakuta sufuria ya moto jikoni na harufu ya wali. Nikakuuliza nani anakula mchana nyumbani kwangu. Ukasema, "Ni cha Karani, Baba Riziki." Nami nikakujibu, "Mtu mzima hasingizii mbwa." Hukubishana. Uliifunika sufuria, ukaenda kutia udhu. Jioni ukaniandalia futari kamili, muhogo wa nazi na tambi, ukanimiminia maji ya kunawa bila kuinua macho. Tangu siku hiyo sikuona tena sufuria mchana, nikajiambia nimekukomesha. Nikaliweka moyoni miaka yote iliyobaki, na nilijiona muungwana kwa kutokulitaja.

Jana nilimsimulia jirani yetu Mwanasiti habari ya Bakari, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alijifunga kanga yake upya, akatazama chini.

"Kaka, mwenzio alikuwa akipikia kwangu," akasema. "Kila mfungo, saa sita. Alikuwa akikibeba kimefunikwa, anazungukia shambani ili usimwone, na ndoo ya maji ya huyo mbwa mkono wa pili. Hata mwaka wa mwisho, anaumwa, alikuja."

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia.

"Alisema alikwishakuambia mara moja."

Usingizi sikuupata. Nakuona ukipita kwenye mihogo na jua la saa sita, umefunga, mgonjwa, unajificha nyumbani kwako mwenyewe kwa sababu ya ulimi wangu. Nimeshampikia Karani leo, amekula, amekunywa, na nitampikia kesho. Hilo naliweza. Kuna moja sijui nilifanyeje, nalo ndilo lililonikalisha kuandika.

Siku ya maziko yako, kabla hawajakuinua, waliniuliza mbele ya watu kama nimekupa radhi. Nikasimama, nikasema nimemridhia mke wangu, nimemsamehe makosa yake yote. Watu wakaitikia amin. Hakuna aliyekuinamia wewe akakuuliza kama umeniridhia mimi.

Niridhie.

Mumeo,
Baba Riziki