Alichotuonyesha Tumaini kwa Udongo

Goba, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Nakusalimu nikiamini baridi ya Makete haijakubana sana kifua, na kwamba ile dawa ya mgongo niliyomtumia kaka Ezekieli unaimeza bila kuruka siku. Huku sie tunalala na kuamka. Zaidi ya hapo sina la kujisifia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia kabla sijafika mwisho. Kama Ezekieli ndiye anayekusomea, mwambie asiruke neno.

Tangu tumzike kitinda mimba wetu Upendo hapo nyumbani, Baba Tumaini alikuwa hamtazami Tumaini usoni. Anarudi kutoka kuchomelea mageti, anakula, anageukia ukuta. "Mtoto wa miaka kumi anamwachaje mdogo wake kwenye shimo la maji?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Na Tumaini unamjua, hasikii wala hasemi, na ishara tunazoelewana naye ni za chakula, maji, usingizi na shule. Siku ile tulimuuliza, tukashindwa kumwelewa, tukaacha kuuliza.

Mwezi uliopita nilikuwa natengeneza filamu fupi ya kufundishia darasa la nne, jinsi mbegu inavyoota. Unafinyanga mbegu ya udongo, unaifunga simu juu ya rundo la vitabu isitikisike, unapiga picha, unasogeza udongo kidogo, unapiga tena. Picha zikiingia kwenye kompyuta unazipanga, zinapita haraka haraka, na kitu kinaonekana kinatembea chenyewe. Tumaini alikaa pembeni yangu siku mbili akitazama. Siku ya tatu nilimwachia simu na kompyuta, nikafurahi kwamba amepata cha kumshughulisha.

Aliifanya kazi yake wiki nzima, kila akitoka shule. Jumamosi asubuhi akanivuta mkono nikae mbele ya kompyuta.

Mama, haifiki hata dakika moja. Kuna wasichana wawili wa udongo, mmoja mdogo. Maji ya lile shimo wanalochimba mchanga aliyafanya kwa mfuko wa bluu. Yule mdogo anainama, anatumbukia. Mkubwa anaingia mpaka kifuani, anarudi, anaingia tena. Halafu anakimbia. Anafika kwa mwanamke aliyekaa mezani na madaftari, anamvuta mkono. Mwanamke hageuki. Ananyoosha kidole kuonyesha ndoo.

Nilikumbuka papo hapo. Siku ile nilikuwa nasahihisha mitihani. Tumaini aliingia akanivuta, akanionyesha ishara ya maji, mara mbili, mara tatu. Nikadhani ana kiu, nikamwonyesha ndoo. Sikumtazama, Mama. Ningemtazama, ningeona nguo zake zimelowa. Akarudi shimoni peke yake, na wapakia mchanga wakamkuta amekaa ukingoni. Sote tukasema alikuwa amekaa tu.

Niliishika kompyuta nikitaka kuifuta ile filamu. Baba Tumaini alikuwa ameenda Tegeta kununua vyuma, na hakuna ambaye angejua. Lakini Tumaini alikuwa amesimama ananitazama, anasubiri nimwambie kama nimeelewa. Nikaiacha.

Baba yake aliporudi nilimkalisha, nikamwekea. Aliitazama mara mbili.

"Huyo mwanamke ni nani?" akauliza.

"Ni mie."

"Alikuja kukuita?"

"Alikuja. Nikamwonyesha ndoo."

Alitoka akaenda uani alikokuwa Tumaini, akapiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Mtoto naye alilia, mara ya kwanza tangu msiba. Lakini mie, mume wangu hajanisemesha mpaka leo. Anakula kwa dada yake huko Wazo, anarudi kulala tu. Sijui kama atabaki, na sina mdomo wa kumwomba.

Sasa nakuja kwako, Mama. Siku ya mazishi ulisema mbele ya watu kwamba Tumaini ana mkosi, asilale chumba kimoja na wajukuu wako wengine. Hakukusikia, lakini aliona godoro lake likitolewa nje. Filamu nimemtumia Ezekieli kwenye simu yake. Naomba ukae uitazame mpaka mwisho, hata pale nilipo mimi.

Msalimie shangazi Tulizo, aliyemwosha Upendo kwa mikono yake, na baba mdogo Yohana aliyetuongozea sala kaburini. Nao wasomewe barua hii, usiwafiche. Shule zikifungwa nitamleta Tumaini. Nakuomba, mtandikie pamoja na wenzake.

Ni mimi mwanao,
Skolastika