Makopo Manane ya Bofa

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Miguu imevimba tena, lakini usingizi ulikuwa mzuri. Uji umenikaa vizuri. Idah ameniacha barazani na redio na dawa zangu, akaenda zake posta – binti yangu huyu hapendi kuchelewa kazini hata dakika moja. Jua la asubuhi linafika mpaka magotini. Siwezi kulalamika.

Ijumaa daktari alisema moyo umechoka. Nikamuuliza, miezi mingapi? Akasema tusihesabu. Nimemwelewa.

Jambo moja tu linanikera. Kiponda. Nitaliandika hapa kwanza, kwa sababu kwenye karatasi sipungukiwi pumzi.

Jumanne, 4 Agosti

Basi liwe hivi. Mwaka 1983 nilikuwa mkemia wa kiwanda cha rangi Mombasa, imebaki miezi minne nistaafu. Likaja pipa kutoka ng'ambo, ndani mna kitu kama maziwa. Vipunje vya plastiki, kila kimoja kina uwazi katikati. Ukipanga elfu mbili kwa mstari unapata milimita moja. Rangi ikiwa mbichi, uwazi ule umejaa maji. Ikikauka, maji yanatoka, hewa inabaki, na mwanga unaoingia unatawanyika na kurudi machoni. Unaona weupe. Maji ya sabuni hayana rangi, lakini povu lake ni jeupe – ni jambo lilelile. Tulitaka kupunguza poda nyeupe ya titani, ambayo ni ghali na hutoka mbali.

Niliipenda kazi ile kuliko zote nilizofanya. Bado naipenda. Weupe uliotengenezwa kwa nafasi tupu.

Mkubwa wangu alisema tuijaribu kwenye mbao tu, juu ya paa la kiwanda. Mimi nilitaka ukuta wa kweli, unaopigwa na chumvi. Nikachanganya makopo manane bila ruhusa, nikayabandika lebo ya rangi yetu ya kawaida, nikayaingiza kwenye mzigo wa hoteli moja ya ufukweni Bofa iliyokuwa ikipakwa upya. Fundi wao alikuwa Kiponda, mtu wa Magarini, mkono mwepesi, hadondoshi tone.

Sikumwambia kwamba rangi ile haifuniki mpaka ikauke. Nimechoka. Kesho.

Jumatano, 5 Agosti

Naendelea.

Ukuta wa zamani ulikuwa wa buluu. Kiponda akapaka, na buluu ikaonekana chini ya rangi kama kitu kilicho nyuma ya chandarua. Rangi ya kawaida haionekani hivyo isipokuwa fundi amezidisha maji ili nusu ya kopo akaiuze. Kila msimamizi anaujua mchezo huo. Msimamizi pale alikuwa Bwana Menza. Akachovya kidole, akauliza, rangi yetu umeipeleka wapi? Kiponda akasema makopo ameyafungua mbele ya watu na hakutia hata kikombe cha maji. Menza akacheka. Akamfukuza palepale, akaita fundi mwingine apake rangi nyingine juu yake, upesi, kabla ile haijakauka.

Mimi niliyeusindikiza mzigo nilikuwa hatua tano kutoka hapo na daftari mkononi. Ilitosha kusema: subirini saa mbili tu, ikauke. Nikaliangalia daftari. Miezi minne, nilijiambia. Miezi minne tu, nipate pensheni yangu niondoke kwa heshima.

Saa kumi nilizunguka nyuma ya tangi la maji, ambako yule fundi wa pili hakufika. Kipande cha ukuta, ukubwa wa mlango. Kimekauka. Cheupe, buluu haipo kabisa. Nikafurahi. Hili ndilo linaloniaibisha kuliko kunyamaza kwenyewe: nilifurahi. Nikaandika, imefunika vizuri sana.

Leo mchana nimekula samaki mzima. Idah ameshangaa.

Alhamisi, 6 Agosti

Jirani yetu Kache ameniletea maji ya ukwaju. Kwao ni Magarini pia, basi nikamuuliza kama anamjua fundi Kiponda.

"Kiponda wa papai?" akasema. "Nani hamjui, baba?"

Sikuelewa, akanieleza. Baada ya kufukuzwa Bofa, ukoo wa mkewe ulitaka kujua kama wamemwoza binti yao kwa mwizi. Wazee wakampa kiraho, kile kiapo cha papai. Mganga hulinuizia, mshukiwa analila, na mwongo huvimba mdomo. Kiponda akala kipande chake mbele ya watu wote, akaomba na cha pili. Hakuvimba.

"Kwao ikaisha," Kache akasema. "Lakini mabwana wa hoteli wanajua papai ni la kunywea chai. Sasa anapaka chokaa tu. Kopo lililofungwa hapewi na mtu."

Nimekuwa mzee wa kanisa miaka ishirini. Nimehubiri dhidi ya viraho. Nilisoma Makerere. Na papai lilisema kweli, mimi mwenye maabara nikanyamaza. Nimecheka peke yangu hapa barazani mpaka kifua kikauma.

Jioni nikamwambia Idah chumba changu kinahitaji chokaa, amwite Kiponda. Akasema, "Baba, si kilipakwa Krismasi?" Nikasema nataka kufa mahali pasafi. Hapo hakubishana. Uongo mwingine, lakini mdogo.

Jumamosi, 8 Agosti

Amekuja.

Amenenepa kidogo. Shikamoo mzee, akasema, akaweka ndoo chini, akaangalia ukuta, kisha akaniangalia mimi. "Ukuta huu hauna ubaya wowote," akasema. "Na wewe ndiye bwana wa makopo."

Nikamwambia akae. Nikamwambia yote, vipunje, maji, hewa, lebo. Nyuma ya tangi. Nilidhani nitalia, lakini sauti ilitoka sawa, kama nasoma ripoti. Alisikiliza amejishika magoti. Nilipomaliza akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ilikauka ikawa nyeupe kweli?"

"Nyeupe kweli."

"Kwa koti moja, bila kurudia?"

"Moja."

Akatikisa kichwa kama fundi anayesikia kazi nzuri ya fundi mwingine. "Nilijua mkono wangu haukukosea," akasema. "Nilianza kudhani pengine nilitia maji nikasahau. Miaka minne, mzee. Mtu akiitwa mwizi kila siku huanza kujipekua mwenyewe."

Nikamwomba msamaha. Akatoa brashi kwenye ndoo, akaikagua, akairudisha.

"Mimi nilikula papai," akasema. "Wewe umekula nini?"

Nikamnyooshea barua ya kukiri niliyomwandikia Menza. Akasema hataki barua yangu, ingawa nilikuwa nimeitia sahihi. Barua Menza ataikunja aweke mfukoni. Anataka nilisemee palepale Bofa, kwa mdomo wangu, mafundi wakiwepo. Yeye atakuwa amekaa tu.

Nikasema Jumatatu. Aliondoka bila kuaga vizuri, lakini kikombe cha chai alikimaliza.

Jumapili, 9 Agosti

Idah amekataa. Njia ya Bofa ni mbali kwa moyo huu, anasema, na kwa nini Menza asije hapa? Nikamweleza sababu, yote, kama nilivyomweleza Kiponda. Alimenya viazi mpaka vikaisha. Kisha akasema ataomba ruhusa kazini na kuazima pikapu ya kanisa, na kwamba nitavaa sweta nipende nisipende.

Ananiangalia tofauti leo. Si kwa ubaya. Kama mtu aliyepunguziwa baba kidogo, akaona aliyebaki anamtosha.

Nimelala mchana vizuri.

Jumatatu, 10 Agosti

Bofa. Naandika gotini.

Tumefika saa sita na nusu, mafundi wakiwa kwenye chakula. Wako sita, wamekaa chini ya kivuli cha ghala, masahani ya ugali na mchicha mapajani. Nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki. Idah yuko nyuma yangu na chupa ya dawa. Kiponda amekaa kwenye jiwe, mikono mitupu. Amevaa shati la Jumapili.

Menza ametoka ofisini. Mvi zimemjaa. Amenishika mkono kwa furaha ya kweli, ameniita daktari wa rangi, amewaambia mafundi huyu ndiye aliyekuwa akituletea mali safi kutoka Mombasa. Halafu akamwona Kiponda.

"Haya, na wewe? Bado unawauzia watu maji?"

Mafundi wamecheka. Mmoja, kijana wa Ngomeni kwa lafudhi yake, akaongeza kwamba wafunge stoo. Wakacheka tena. Kiponda hakumtazama Menza wala wao. Amenigeukia mimi na kungoja, kama mtu anayengoja rangi ikauke.

Menza ameingia kuagiza chai, anasema mgeni haongei na koo kavu. Ndiyo maana nimepata dakika hii. Pumzi ni fupi lakini ipo. Mafundi wananawa, watarudi kwenye ngazi sasa hivi, na nikingoja chai watakuwa wametawanyika.

Nimemwambia Idah anisimamishe. Anauliza, hata kabla Menza hajatoka? Nimesema kabla. Nianze na hawa mafundi. Idah amenishika mkono; naweka kalamu.