Sauti Zilizofika Koboko

Arua, 11 Februari 2024

Mpendwa dada Ritah,

Salamu nyingi kutoka huku chuo cha ualimu. Waendeleaje? Mama yako Scovia hajambo, bado anawapikia madereva wa malori kule mpakani Oraba? Mimi ni mzima. Mvua haijaanza, na vumbi la njia ya Pajulu linaingia hadi ndani ya vitabu vya nyimbo.

Nakupigia simu tangu Oktoba, haipatikani. Nasuru, yule wa darasa letu, ameniambia kwao Koboko mnapakana ua kwa ua, kwa hiyo barua hii nampa mkononi.

Najua kwa nini uliondoka bila kuaga. Siku ya tisa ya novena, nilipokufungua kitambaa cha macho mbele ya wenzetu wote na kukuuliza unaona nini, uliinamisha uso. Nami nikasema tuombe tena, kwa imani zaidi. Baadaye nikasikia kwamba ulilia bwenini. Lakini Ritah, usikate tamaa. Madaktari wamesema presha ya macho imeua mishipa, ila Mungu hasomi karatasi za madaktari. Rudi tuanze novena nyingine. Kikundi chetu cha Wakatoliki kinakungoja, na Padri Anguzu, mlezi wetu, anakuulizia kila Jumapili.

Dada yako,
Jovia


Koboko, 3 Machi 2024

Binti Jovia,

Salaam aleikum. Hujambo wewe, na wazazi wako hawajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu, goti tu ndilo linanisumbua.

Hatujuani. Mimi ni Kadijah, shangazi yake Nasuru. Mama Scovia akienda Oraba asubuhi, Ritah anashinda kwangu. Usinicheke kwa Kiswahili changu. Babu zangu walikuwa askari waliotoka Sudani, na hiki ni Kiswahili cha kambini, chako ni cha shule. Lakini ndicho tulicho nacho: Ritah ni Mkakwa, wewe Mlugbara, mimi Mnubi.

Barua yako nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama, hiyo tia kwa jiko." Sikuitia. Nimeiweka chini ya mkeka wangu.

Mtoto huyu iko hai lakini haishi. Anakaa ameuelekea ukuta toka asubuhi. Anakula matonge matatu, anasukuma sahani. Kanisani haendi, na zamani ni yeye aliyekuwa akiniamsha kwa nyimbo zake za kanisa. Nilipomwambia Mungu yupo, alinijibu hivi: "Alipewa siku tisa, Mama. Hakukosa nafasi."

Mimi Mwislamu, novena siijui. Nieleze wewe mwenyewe ulimfanyia nini. Usipake asali.

Mama yako,
Kadijah


Arua, 10 Machi 2024

Shikamoo Mama Kadijah,

Natumaini goti limepoa kidogo. Nakutakia mfungo mwema, maana Nasuru ameniambia unaanza kesho.

Novena ni sala ya siku tisa mfululizo. Hakuna ubaya ndani yake. Ubaya niliutia mimi.

Mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa naongoza sala za kikundi. Watu walipenda ninavyoomba, nami nikapenda kupendwa. Macho ya Ritah yalipofifia hadi akawa haoni ubao, nilisimama mbele ya wote nikasema nimepata neno moyoni: siku ya tisa Ritah ataona. Mama, neno hilo sikulipata popote. Nilitamani sana liwe kweli, nikalisema kama vile nimetumwa.

Ritah hakuniomba macho. Aliniomba nimsomee madaftari na kitabu cha ukuaji wa mtoto, kwa sababu mitihani ilikuwa karibu. Nilimwambia kwamba kusomewa ni kujiandaa kushindwa. Nikamfunga kitambaa siku tisa. Siku nilipokifungua, watu arobaini walikuwa wanamwangalia, na yeye hakumwona hata mmoja.

Nilimpelekea Padri Anguzu barua yako. Aliisoma mara mbili, akaikunja. Kisha akaniambia, "Jovia, uliahidi kwa jina la Mungu jambo ambalo hakukutuma. Sasa Ritah amemkasirikia yeye kwa maneno yako." Hakunifokea wala hakunikataza chochote. Lakini tangu siku hiyo siwezi kuomba kwa sauti. Nikisimama kuongoza, narudi kuketi.

Nije Koboko nimpigie magoti?

Mwanao,
Jovia


Koboko, 24 Machi 2024

Mwanangu Jovia,

Salaam. Mwezi mtukufu unatuendea vizuri, ila jua la mwaka huu ni kali, na mate yanakauka kabla ya adhuhuri. Mama yako hajambo?

Usije. Mtu aliyeumiza akija kupiga magoti, aliyeumizwa ndiye anapata kazi ya kumwinua. Ritah hana nguvu hiyo sasa.

Nilimsomea barua yako yote, sikuruka neno. Aliniomba nirudie pale pa madaftari tu. Nikarudia. Nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Wamefika sura ya ngapi?"

Hilo ni swali la kwanza kuulizwa na mtoto huyu toka alipokuja. Miezi mitano. Nilisimama pale na birika la udhu mkononi. Basi niambie wewe. Mmefika sura ya ngapi?

Mama yako,
Kadijah


Arua, 28 Aprili 2024

Shikamoo Mama,

Pasaka yetu ilikuwa njema, na Idi yenu najua ilifana, maana Nasuru alirudi amenenepa.

Darasani tumefika sura ya kumi na moja ya kile kitabu cha ukuaji wa mtoto. Lakini tumezisoma zote kumi na nne, zimo ndani ya kadi ya memori niliyoifunga kwenye karatasi hii. Redio ndogo aliyobeba Nasuru inaipokea kadi hiyo. Itie ubavuni, ubonyeze kitufe cha kati.

Nikueleze ilivyokuwa. Jumapili baada ya misa niliwaambia wenzangu kwamba safari hii hakuna novena, kuna kusoma. Niliwaambia pia kwamba lile neno la mwaka jana nililitunga mimi. Nilitegemea wabaki wanne. Walikuja thelathini na mmoja, pamoja na Nasuru wako na walokole watatu ambao kanisani kwetu hawajawahi kukanyaga. Tulisomea kwenye stoo iliyo nyuma ya kanisa la chuo, tukatundika magodoro madirishani ili kelele za bodaboda zisiingie. Tuligawana sura, nyingi zikasomwa na wawili au watatu kwa zamu, na Prossy alishika simu ya kurekodia.

Kuna kijana anaitwa Lawrence. Ana kigugumizi kizito. Miaka miwili darasani hajawahi kujibu swali, hata jina lake huandika kwenye karatasi akainua. Alikuja akachagua sura ya tisa, ile inayohusu mtoto anavyojifunza kusema. Tulimwambia zipo sura fupi zaidi. Akatikisa kichwa.

Mama, ukurasa wa kwanza ulichukua karibu nusu saa. Neno lilikuwa linakwama, jasho linamtoka, shingo inakaza, na sisi tunangoja. Hakuna aliyemmalizia hata neno moja. Prossy machozi yalimtiririka lakini mkono haukutikisika. Padri Anguzu alikuja kutuita tukale, akasimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akavua kofia na kuketi sakafuni pamoja nasi. Chakula kilipoa chote. Lawrence alipofika mwisho wa sura mwanga wa mlangoni ulikuwa umeshahamia ukuta wa pili, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Hatukukata chochote. Yote imo.

Mwanao,
Jovia


Arua, 9 Juni 2024

Shikamoo Mama Kadijah,

Natumaini mu wazima nyote. Wiki ya sita inaisha sijapata jibu, na Nasuru akija anasema tu kwamba amekukuta salama. Kama kadi iliharibika, tutasoma upya. Kama Ritah amekataa, nitaelewa pia. Niambie tu neno moja.

Mwanao,
Jovia


Koboko, 7 Julai 2024

Mwanangu Jovia,

Salaam, na unisamehe. Mimi mzima, Ritah mzima, Mama Scovia anakusalimu. Nilinyamaza kwa sababu Ritah alinikataza kuandika, nami niliona kidonda kimeanza kufunga, sikutaka kukigusa.

Redio ilipofika hakutaka kuisikia. Ilikaa siku kumi juu ya kabati. Alasiri moja nilikuwa nachambua maharage, nikaiwasha kwa ajili ya masikio yangu mwenyewe, nimsikie Nasuru akisoma. Nikamsikia, kisha mwingine, kisha mwingine. Ritah ameuelekea ukuta wake. Siku ya pili nikaendelea. Siku ya tatu tukafika kwa huyo Lawrence.

Mimi nilikuwa nimesahau uliyoandika juu yake, nikadhani redio imeharibika. Nilinyoosha mkono niizime. Ritah akasema, "Usiguse. Ni Lawrence."

Akageuka. Toka Oktoba hajageuka. Alikaa ameinamia redio, na kila neno lilipokwama midomo yake ilikuwa inatembea, kama anamsaidia kulibeba. Mimi mikono imezama kwenye maharage, siwezi kuichomoa. Adhana ya alasiri ilipita, nikachelewa sala, Mungu anisamehe, lakini nilihisi niko mbele zake tayari. Nina miaka sitini na nane. Nimeona watu wakikimbia vita kupita mbele ya ua huu, kwenda na kurudi, mara mbili. Sikuwa nimewahi kuona watu wasiokuwepo wakiingia uani na kumwinua mtu kutoka chini. Nywele za mikono zilinisimama, mwanangu.

Sura ilipoisha Ritah alilia sana. Akala sahani nzima. Kisha akairudisha mwanzo.

Sasa amezishika sura zote. Watoto wa majirani wanakuja anawafundisha kuhesabu, na anajua nani anachezea mawe kwa kusikia tu. Padri wenu amepiga simu kwa Mama Scovia: kuna mwalimu hapo Arua anayefundisha kusoma kwa vidole, nukta nundu. Mkuu wa chuo amekubali Ritah afanye mitihani kwa mdomo. Atakuja Agosti.

Amenituma nikuambie mambo mawili. La kwanza, usimwombee macho tena mbele za watu. La pili, sura ya tatu uliyoisoma wewe uirudie, umeisoma mbio kama unayefukuzwa.

Mama yako,
Kadijah


Arua, 25 Agosti 2024

Shikamoo Mama yangu Kadijah,

Goti bado linakusumbua? Mvua huku imezidi, mto umejaa. Ritah amelala vizuri, amekula, amekutumia salamu hata kabla sijachukua kalamu. Sura ya tatu nimeirudia, na ameikubali kwa shida.

Leo ilikuwa Jumapili yake ya kwanza. Aliingia kanisani amenishika kiwiko. Nilidhani watu watamzunguka kwa vilio, lakini Padri Anguzu alikuwa amewaomba wamwache apumue. Walipita mmoja mmoja na kutaja majina yao, basi. Yeye akawa anajibu kwa sura: "Prossy, wewe ni ya sita. Nasuru, ya pili." Lawrence alipofika akasimama mbele yake, jina halitoki. Ritah akangoja. Hakuharakisha, hakulitaja kwa niaba yake. Lilipotoka, Ritah alimshika mikono yote miwili, na sote tukashindwa kutazama juu.

Baada ya misa kikundi kilibaki. Padri akauliza nani atafunga kwa sala. Ritah akasema, "Jovia."

Mama, tangu Machi sijaomba kwa sauti. Nilisimama, na neno la kwanza halikutoka. Nilitaka kukaa. Ndipo nikahisi mkono wake unatafuta bega langu, ukalipata. Akaniambia taratibu, lakini wote walisikia: "Anza tu. Mungu hajakukasirikia. Na mimi nimemaliza kukasirika."

Nilichukua muda mrefu. Hakuna aliyenimalizia neno. Nilipopata sauti sikuomba kitu chochote, wala sikuahidi kitu. Nilisema asante, kisha nikawataja waliosoma, jina kwa jina, wote thelathini na mmoja, na wewe, na nikakaa chini.

Binti yako,
Jovia