Nimechoma Majani ya Spinachi ya Mama

Jumanne, Novemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri na Othaya yote imefunikwa na ukungu. Nimeamka na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Ni ile spinachi. Wiki mbili zilizopita niliona madoa madogo kwenye majani ya chini, ya mviringo, katikati rangi ya majivu na ukingo wa zambarau. Nikajiambia ni mvua ya mawe. Sasa madoa yamekutana, majani yanatoboka, na bitiruti za tuta la pili nazo zimeshikwa.

Matuta haya yalikuwa ya mama. Alifariki mwezi wa Machi. Alikuwa akipiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, akivunja jani kwa kidole gumba. Kisu hakukitaka.

Jumapili baada ya ibada kaka yangu Mwangi alikuja, akasimama mbali na matope kwa sababu ya viatu vyake.

"Ng'oa hii kitu yote. Jumatano naleta nyasi ya nepia, tupandie ng'ombe."

Nikamwambia angoje.

"Ningoje nini? Ati spinachi itafufuka?"

Jirani yetu Mama Wachira akadakia kutoka ng'ambo ya ua: "Hata mbuzi yangu akipewa hayo majani atauliza maswali!"

Walicheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Sitaki nepia pale.

Jana nilifunga majani matatu kwenye gazeti nikayapeleka sokoni, kwa duka la dawa za mimea. Msichana wa pale aliniuliza majani mabovu tunayatupa wapi, na kabla ya spinachi tulipanda nini. Nilijibu kwa fahari. Majani tunayaacha chini kati ya mistari, kwa sababu mama alisema kilichotoka kwa udongo kirudi kwa udongo. Na kabla ya spinachi kulikuwa na bitiruti. Mama hakurudia mmea mmoja mahali pamoja: msimu huu spinachi, msimu ule bitiruti, ili udongo upumzike.

"Pole, anti," akasema. "Hizo mbili ni za ukoo mmoja. Huu ugonjwa ni kuvu. Unalala kwa majani yaliyoanguka, mvua ikirusha matope unapanda juu tena. Mmekuwa mkiulisha kila msimu."

Nilitaka kumjibu vibaya. Yeye ni nani wa kumsahihisha mama yangu, aliyetusomesha kwa matuta hayo? Nilibishana naye kichwani njia nzima. Nilipofika langoni sikuwa na hoja hata moja.

Mama alikosea.

Nimeliandika ili niliangalie vizuri. Alikosea, na bado ndiye aliyetulisha. Sitamwacha mtu atumie kosa lake kufuta mahali alipopiga magoti.

Kwa hiyo leo, mvua ilipokatika, niling'oa kila shina. Nikaokota majani makavu na mabichi, hata vipande vilivyozama kwenye udongo, nikavichoma pamoja na mabua ya mahindi. Moshi ulikuwa mzito. Sikuwahi kumkaidi mama, hata mara moja, alipokuwa hai. Kisha nikapanda maharagwe, mistari sita, kabla Mwangi hajaona udongo mtupu akafikiri nimemtii.

Nikampigia simu. Nikamwambia nepia yake aipeleke kwenye kingo za mtaro, matuta yana wenyewe.

Naye akasema, "Siku hizi hata kuongea unaongea kama yeye."

Sikumshukuru, lakini nimelisikia neno hilo jioni nzima.

Spinachi nitaipanda upande wa chini, ambako haijawahi kukaa, wala bitiruti, na jani la kwanza lenye doa litatoka siku hiyo hiyo. Ugonjwa ukirudi nitang'oa tena. Nitapanda tena. Nina magoti mawili mazima na shamba halijaisha.