Senge Asiningoje

Beijing

Dadangu mpendwa Nasimiyu,

Hujambo wewe na shemeji hapo mtaani Tuwan, Kitale? Cherehani yako imepona ama bado inakata uzi? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeingia mpaka ndani ya soksi, na ugali nimeuota mara mbili wiki hii.

Barua hii anakuletea mwenzangu wa Kitale anayekuja likizo, na ni yako peke yako. Zile zingine Baba huzisoma kanisani Bungoma wakati wa matangazo, watu wakampigia makofi baba wa daktari. Nimeandika mengi ya kupigiwa makofi, nami nimechoka.

Nasimiyu, sisomei udaktari. Nilipomaliza mwaka wa kujifunza Kichina, tulipewa fomu ya kuchagua masomo. Nikaandika lugha na tamaduni za Uchina na Japani. Mwalimu aliirudisha, akidhani nimekosea. Nikampa vilevile. Sasa nasoma mashairi ya kale, nashika brashi na wino kama mtoto wa nasari, na saa hizo nina raha ambayo sijawahi kuipata. Nikitoka darasani tu, namkumbuka Baba. Nikisema, namwaibisha Baba mbele ya kanisa zima. Nikinyamaza, uongo unazidi kunibana. Miaka miwili sasa sioni mlango.

Kisha ukanipigia simu Jumapili. Ati senge, dada ya Baba, ana uvimbe shingoni unaokua, na hospitali hataki. Ati Baba amemwambia, "Hospitali ya nini na tuko na daktari yetu? Si ungoje tu Wafula, bana." Naye senge akasema, "Huyo nilimbeba mgongo. Mikono ingine isinishike." Nilicheka, unakumbuka? Ulikuwa woga. Nimejaribu kukupigia tena mara mbili, nikakata kabla hujashika.

Hiyo mikono yangu inajua kuandika tu. Tafadhali, mpeleke hospitali siku utakayosoma haya, hata Baba akiwaka. Mwambie Baba ukweli wote, kwamba nilichagua mwenyewe. Namwogopa sana, lakini ile shingo naiogopa zaidi.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako kule kijijini Kwanza, aliyekuwa akinifichia mahindi ya kuchoma. Senge usimpe salamu zangu. Akizipata, atapata nguvu za kuningoja.

Ndugu yako,
Wafula