Ushuhuda Nilioutoa Ilembo

Ilembo, Mpanda
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri hapo Karema, na miguu imepungua kuvimba. Sisi huku tunaendelea. Wajukuu wako wapo shule, karakana ina kazi ya madawati mpaka mwezi ujao, na Recho mke wangu anakusalimu sana.

Utashangaa, Mama, kuona naandika wakati simu ninayo. Wiki iliyopita nilikupigia mara tatu, na kila mara maneno yalinikwama nikaishia kukuuliza habari za mihogo. Kwenye karatasi labda nitafika mwisho.

Unamkumbuka Kasilda, jirani yetu mshonaji, aliyekupindia kitenge ulipokuja Pasaka? Naye ana kisukari kama mimi, ila chake ni cha kujidunga sindano kila siku, tangu akiwa msichana. Alhamisi ya wiki juzi tulimkuta sakafuni kando ya cherehani, anahema kwa nguvu, ukimwita haitiki. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari akauliza amekosa sindano siku ngapi. Dada yake akalia kwanza, ndipo akasema siku tatu. Kasilda aliziacha mwenyewe, akafunga na kuomba.

Baadaye tukasikia amezinduka. Nilikwenda kumwona nikidhani atanilaumu. Badala yake alinishika mkono, akaniomba nimwombee. Akasema, "Wewe Obadia, Mungu alikusikia mara moja. Mimi sijui nimemkosea nini."

Mama, sikuweza kumwombea. Nilitoka nikakaa nje kwenye benchi. Hapo ndipo aliponikuta Yunus, yule rafiki yangu muuza samaki, aliyekuja na uji wa mgonjwa. Wewe unajua alivyo na pumu tangu utoto. Nikamuuliza kama amewahi kuiona pumu yake ni adhabu. Akaniambia zamani alijiuliza sana kwa nini yeye, akaja akaona swali lile halijamsaidia kuvuta pumzi hata moja. Kisha akasema Ramadhani mgonjwa ameruhusiwa kula, na aliyemruhusu ni yule yule tunayemfungia. "Sasa mimi ni nani," akasema, "nijifanye mkali kumzidi Yeye?"

Nafika sasa pale ninapopaogopa. Ule ushuhuda nilioutoa kanisani mwezi wa nane, kwamba kisukari kimeondoka na dawa nimezitupa, ule uliousimulia mwambao mzima wa ziwa, si kweli. Siku ile niliamini, Mama. Mchungaji alikuwa ameniwekea mikono, na kipimo cha wiki ile kilikuwa kizuri, nikaacha vidonge kwa furaha. Siku ya tisa kiu ikarudi. Macho yakaingia ukungu, nikawa siuoni mstari wa penseli kwenye mbao. Nikarudi kliniki kimya kimya. Tangu hapo nameza asubuhi na jioni, vidonge nimevificha kwenye kopo la misumari hata Recho asijue. Na kila Jumapili naimba mbele ya watu walionipigia makofi. Kasilda alikuwa safu ya mbele.

Nilirudi wodini nikamwambia yote. Alitazama dripu inavyodondoka, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo Mungu hajanikataa?" Nikasema hapana, hajakukataa. Akageukia ukutani akalia. Tangu siku ile haitikii salamu yangu, na sina haki ya kumdai.

Usiku ule nilimwambia Recho. Jana nikasimama kanisani. Mchungaji alinitaka nikae, sikukaa. Baadhi walitoka kabla sijamaliza, na mzee Thadei akasema nimemwaibisha Mungu. Maneno yake bado yananichoma. Lakini baada ya ibada watu wanne walinifuata nyuma ya kanisa, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akidhani yuko peke yake, wakaniuliza kliniki ni siku gani.

Mama, Jumatano kwenye simu uliniambia umeweka pembeni vidonge vya presha ili Mungu aione imani yako kama alivyoiona ya mwanao. Nilikuomba umeze, ukacheka, ukasema mbona mimi nilizitupa dawa zangu. Ndiyo sababu naandika. Sijaacha kumwomba aniponye, ila namwomba nikiwa nimemeza dawa. Yunus anakuja huko kufuata samaki wake wa migebuka na ndiye atakayekupa barua hii. Nakusihi umeze mbele yake leo hii, kabla hujaamua kama utaniita tena mwanao. Hasira yako nitaisubiri, hata ikichukua miaka. Ilimradi uwepo.

Wafikishie salamu zetu ndugu wote wa Karema, na Mungu azidi kukutunza.

Ni mimi mwanao,
Obadia