Mama Mkwe Kaangusha Sanduku la Posta la Jirani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana kifua kimejaa na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Tunaishi mashambani, Minnesota, mimi, mume wangu Dale na mama yake, Ardis, aliyepita miaka themanini na bado anaendesha gari mwenyewe na hataki kusikia la mtu. Jumapili mimi na yeye tulikuwa tunatoka kanisani, yeye kwenye usukani, mimi pembeni nimepakata bakuli la viazi vilivyobaki kwenye chakula cha pamoja, barabara ina barafu, gari likateleza likalivaa sanduku la posta la jirani yetu, mzee Verlyn, lile la barua linalosimama kwenye nguzo kando ya barabara, lenye kibendera cha kumwashiria mtu wa posta, nguzo ikakatika, sanduku likarukia kwenye theluji, nami nikapiga kelele, "Mama, simama!" Hakusimama. "Tulia, mwanangu, ni kulungu tu."

"Mama, kulungu gani ana kibendera chekundu?"

Akaniambia, "Ukimwambia Dale, ataninyang'anya funguo, nami nitafia kwenye kile kiti cha dirishani." Basi nikanyamaza.

Sasa Verlyn anamlaumu Curtis, dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani, keshamshtaki kwa bosi wake, na jana dukani alimvaa mbele ya watu: "Wewe ni kipofu au mlevi?" Curtis akajibu tu, "Mzee, sikuligusa." Tena mtu wa posta hasimami pasipo sanduku, na dawa za moyo za Verlyn huja kwa posta. Mama analala vizuri, mimi ndiye nisiyelala. Nikisema nimemsaliti Mama, nikinyamaza Curtis anafukuzwa kazi. Nifanyeje?

Marlys

*

Marlys,

Pole, ila kwanza nikugombeze. Mzee wa watu hana dawa na wewe unahesabu nani atakununia! Ukimaliza kusoma hapa, vaa buti, nenda kwa Verlyn. Kama dawa zimekwama posta mjini, mpeleke akazichukue leo hii.

Ukirudi, mkalishe Ardis jikoni, umwambie, "Mama, utasema wewe au nitasema mimi, lakini leo linasemwa." Umpe nafasi aseme mwenyewe, mtu mzima yule, hasemewi kama mtoto. Aende mlangoni kwa Verlyn, wewe ukimshika mkono kwenye barafu, aseme, "Verlyn, ni mimi." Habari za kulungu aziache nyumbani. Kisha ampigie bosi wa Curtis, na jioni yeye mwenyewe amwambie Dale. Na Verlyn naye arudi dukani kuomba radhi palepale alipotukana, kwa sauti ileile.

Kuhusu sanduku, nunueni jipya, msimgongee nyundo lile lililopondeka mkamrudishia. Ardhi imeganda, kwa hiyo Dale asihangaike na sururu: asimamishe nguzo ndani ya ndoo kubwa, amimine zege, aiweke kando ya barabara, kimo cha mtu wa posta kufikia bila kushuka garini. Theluji ikiyeyuka, atachimba shimo.

Zimebaki funguo. Dale atazitaka, na hapo yuko sahihi, safari ijayo huenda asigonge nguzo, akagonga mtu. Lakini asizichukue kabla hamjamwambia Ardis nani atampeleka kanisani, nani saluni, nani kwa wenzake wa karata. Anaogopa kusahaulika, Marlys, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Siku ya karata ikifika, washa gari mapema lipate joto, na usimpigie honi akichelewa kuchagua koti.